Sheria za Bunduki za Majimbo ya Marekani na Uamuzi wa Kusafiri au Kuhama

Anayetoka Philadelphia, jimboni Pennsylvania, akashika daraja la Mto Delaware, anaingia New Jersey kwa dakika chache tu. Asiye na silaha haoni tofauti zaidi ya kibao cha kumkaribisha. Aliyebeba bastola kiunoni, hata kama ana kibali halali cha Pennsylvania, ameshatenda kosa la jinai kabla gari halijashuka darajani.

Oktoba 2013 jambo hilo lilimkuta mama mmoja mkazi wa Philadelphia aliyekuwa akilea watoto wadogo. Polisi wa New Jersey walimsimamisha kwa kosa dogo la barabarani, naye kwa hiari yake akamwambia askari kwamba ana bastola na kibali. Akakamatwa, akakaa mahabusu kwa wiki kadhaa, na akawa anakabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka isiyopungua mitatu. Upande wa mashtaka ulilegeza msimamo mwaka 2014 baada ya malalamiko mengi ya umma, na Aprili 2015 Gavana Chris Christie akampa msamaha. Bastola ni ileile na mwenyewe ni yuleyule. Kilichobadilika ni jimbo.

Marekani ina majimbo 50 na kila jimbo lina bunge linalotunga sheria zake za silaha. Sheria hizo huamua njia ambayo msafiri atapita, kiwanda kitajengwa wapi, na mara nyingine familia itahamia wapi. Lakini nguvu yake si sawa kwa wote hao. Kwa msafiri mwenye silaha ni kubwa mno. Kwa familia inayohama ni ndogo kuliko wanasiasa wa pande zote mbili wanavyodai.

Chanzo cha tofauti

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kumiliki na kubeba silaha. Kwa zaidi ya miaka 200 Mahakama ya Juu haikusema waziwazi kama haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja au inahusu migambo ya majimbo tu. Jibu lilikuja mwaka 2008 katika kesi ya Heller iliyotoka Washington, ambako Mahakama ya Juu ilisema ni haki ya mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani kwake kwa ajili ya kujilinda. Mwaka 2010, kwa kesi ya McDonald iliyotoka Chicago, haki hiyo ikayafunga majimbo yote. Kisha Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ikafuta sharti la New York lililomtaka mwombaji wa kibali aonyeshe sababu maalumu ya kubeba bastola hadharani. Sharti hilo lilikuwa na mizizi katika Sheria ya Sullivan ya mwaka 1911.

Mtu angetarajia kwamba hukumu hizo tatu zingeyasogeza majimbo karibu. Hazikufanya hivyo. Baada ya Bruen, New York ilipitisha haraka sheria mpya yenye orodha ndefu ya mahali pasiporuhusiwa silaha hata kwa mwenye kibali: treni za chini ya ardhi, bustani za umma, maeneo ya ibada na uwanja maarufu wa Times Square. Baadhi ya vipengele vyake vimepingwa mahakamani. Wakati huohuo majimbo mengine yalikuwa yanaelekea upande wa pili. Vermont haijawahi kudai kibali cha kubeba bastola. Alaska iliondoa sharti hilo mwaka 2003, Arizona 2010, Texas 2021, Florida 2023, na Louisiana na South Carolina zikafuata mwaka 2024, hata majimbo ya namna hiyo yakafikia 29. Leo zaidi ya nusu ya majimbo yanamruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bastola iliyofichwa bila kuomba karatasi yoyote, huku machache ya pwani ya mashariki na ya magharibi yakimtaka apitie uchunguzi, mafunzo na malipo.

Tofauti haziishii kwenye kibali. California hairuhusu magazini inayobeba risasi zaidi ya 10, na tangu mwaka 1989 imepiga marufuku bunduki nyingi nusu otomatiki za mtindo wa kijeshi. New York iliimarisha marufuku yake Januari 2013, wiki chache baada ya mauaji ya watoto katika Shule ya Msingi ya Sandy Hook, Connecticut. Illinois iliongeza marufuku ya namna hiyo Januari 2023, baada ya watu kupigwa risasi kwenye gwaride la Julai 4 mjini Highland Park. Bunduki inayouzwa dukani Indiana kama bidhaa ya kawaida inaweza kuwa haramu upande wa pili wa barabara ya mpakani, jimboni Illinois.

Barabarani

Wamarekani wengi hukosea mahali pamoja: hudhani kibali cha bastola kinafanya kazi kama leseni ya udereva, kwamba kikitolewa jimbo moja kinakubalika kote. Hakuna sheria ya taifa inayosema hivyo. Jimbo linaweza kutambua vibali vya majimbo mengine yote, ya baadhi, au lisitambue hata kimoja. New York, New Jersey, California na Illinois hazitambui. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuyalazimisha majimbo yote yatambuliane, kwa kura 231 dhidi ya 198, lakini Seneti haikuupitisha.

Kinachomlinda msafiri ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986. Inamruhusu kupita na silaha yake katika jimbo lenye sheria kali, mradi anakotoka na anakokwenda anaruhusiwa kuwa nayo na kuibeba. Masharti yake yanagusa hata namna ya kupakia gari. Bunduki isiwe na risasi ndani, na pamoja na risasi zake ikae mahali ambapo waliomo garini hawawezi kuifikia, yaani kwenye buti. Gari lisilo na buti lililotengwa, kama vile pikapu, linahitaji kasha lenye kufuli, na kisanduku cha dashibodi hakihesabiwi hata kikiwa na kufuli.

Tuchukue barabara kuu ya I-95, inayoanzia Miami, Florida, na kuishia Maine kwenye mpaka wa Kanada. Mwenye bastola anayetoka Florida anaweza kuibeba bila kibali, na hali ni hiyohiyo akipita Georgia na South Carolina. Akifika North Carolina na Virginia, inabidi ajue kama majimbo hayo yanakitambua kibali chake, kama anacho. Akiingia Maryland anapaswa kuwa ameshaitoa risasi na kuifungia kwenye buti, na ibaki humo akipita Delaware, Pennsylvania na New Jersey, New York na Connecticut, Rhode Island na Massachusetts. Akivuka kuingia New Hampshire anaweza kuirudisha kiunoni, na Maine vilevile. Ni safari moja, mara nyingi ya siku mbili tatu. Ndiyo maana wako wanaozunguka mbali kupitia Pennsylvania ili wasikanyage New Jersey, wanaoiacha silaha nyumbani, na wanaojaza tangi la mafuta kabla ya mpaka ili wasisimame popote.

Hofu ya kusimama ina msingi. Sheria ya mwaka 1986 inamlinda anayepita. Aliyelala hotelini, aliyekwenda kumtembelea shangazi au aliyetumia siku mbili kutazama mji anaweza kukosa ulinzi huo. Nadhani sheria iliyoandikwa kwa nia ya kumlinda msafiri, kisha ikamtupa pale gari linapoharibika usiku, ina kasoro ambayo Bunge la Marekani lilipaswa kuirekebisha zamani.

Kwa upande wa Alaska shida ni nyingine. Njia ya nchi kavu kutoka majimbo mengine inapita Kanada, ambako bastola zinabanwa mno, na tangu Oktoba 2022 serikali imesimamisha uuzaji na uhamishaji wake. Mmarekani anayehamia Anchorage kwa gari anaweza kupita na bunduki ya kawaida ya kuwindia baada ya kujaza fomu na kulipa ada mpakani, lakini bastola yake inabidi isafiri kwa njia nyingine. Huko Hawaii hata mgeni anayeingia na bunduki hutakiwa kuisajili polisi ndani ya siku chache.

Kwenye uwanja wa ndege

Sheria ya shirikisho inaruhusu bunduki ndani ya ndege, lakini kwenye mizigo ya chini tu. Abiria huitoa risasi, huiweka ndani ya kasha gumu lenye kufuli, kisha huitangaza kwenye kaunta ya shirika la ndege. Hata hivyo mwaka 2023 wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege nchini humo walikamata bunduki 6,737 kwenye mabegi ya mkononi, na zaidi ya 9 katika kila 10 zilikuwa na risasi ndani. Uwanja wa Atlanta uliongoza. Wengi wa waliokamatwa hueleza kwamba walisahau, na sioni sababu ya kutowaamini: katika jimbo ambako bastola inakaa kwenye begi kila siku pamoja na funguo na pochi, mtu anazoea uzito wake. Mwaka 2023 faini ya kiutawala iliweza kukaribia dola 15,000, na mashtaka hutegemea jimbo ambalo uwanja umo.

Kesi inayokumbukwa zaidi ni ya mwaka 2005. Abiria mmoja kutoka Utah alikuwa akielekea Allentown, Pennsylvania, kupitia Newark, New Jersey, na bastola yake ilikuwa kwenye mzigo wa chini kama sheria inavyotaka. Safari ya kuunganisha ikamponyoka, akakabidhiwa mizigo yake, akalala hotelini karibu na uwanja. Asubuhi alirudi kaunta na kuitangaza bastola. Akatiwa mbaroni na kulala mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipoishtaki mamlaka ya uwanja alishindwa: mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho iliamua kwamba usiku ule hotelini silaha ilikuwa mahali ambapo angeweza kuifikia, kwa hiyo ulinzi wa mwaka 1986 haukumhusu.

Habari za namna hiyo zimefika hata Tanzania. Wawindaji wa Kimarekani wanaokuja Selous au mapori ya Maswa huja na bunduki zao, na wengi hushauriana kuepuka viwanja vya New York na New Jersey, hata ikibidi kupanda ndege mji wa mbali. Anayepitia Amsterdam anahitaji idhini ya Uholanzi kabla ya safari. Kabla ya kuondoka, mwindaji huipeleka bunduki kwa maofisa wa forodha wa Marekani waandike namba yake, ili wakati wa kurudi asihesabiwe kuwa anaingiza silaha mpya. Wakala wa uwindaji wa Arusha huanza kushughulikia karatasi za silaha mapema kuliko kambi na magari.

Familia inayohama

Anayehamia California na bunduki zake anatakiwa kuziarifu mamlaka za jimbo ndani ya siku 60. Magazini kubwa na bunduki zilizopigwa marufuku hawezi kuingia nazo. Inabidi aziuze au aziache kwa ndugu anayeruhusiwa kuwa nazo. Mkazi mpya wa Illinois anahitaji kitambulisho cha mmiliki wa silaha, utaratibu uliopo tangu mwaka 1968. Massachusetts inadai leseni hata kwa kuwa na bastola nyumbani. Tena kampuni nyingi za kuhamisha mizigo hukataa kupakia risasi, kwa hiyo mwenye nyumba huzigawa kabla ya siku ya kuhama.

Je, usumbufu huo unawafanya watu wachague jimbo jingine? Wapo wanaofanya hivyo. Mradi wa Free State, ulioanzishwa mwaka 2001, uliwahimiza wapenda uhuru wa mtu binafsi wahamie New Hampshire kwa maelfu, na ulegevu wa sheria za silaha ni mojawapo ya mambo yaliyowavuta. Idaho na Montana zimepokea watu kutoka California wanaosema wazi kwamba wanatafuta mahali ambapo serikali haitawauliza kuhusu bunduki.

Ila sikubaliani na wanaogeuza simulizi hizo kuwa maelezo ya uhamaji wote kutoka California kwenda Texas. Idara ya Sensa ya Marekani huwauliza watu kwa nini wamehama, na mwaka baada ya mwaka majibu makuu ni nyumba, familia na kazi. Kodi ya nyumba San Francisco inamsukuma mwalimu kuondoka kwa nguvu kuliko ukubwa wa magazini. Sheria za silaha huja mwishoni, pale familia inapobaki na miji miwili inayolingana kwa mishahara na bei za nyumba. Tena huja zikiwa zimefungamana na mambo mengine: kodi, shule, dini, siasa. Mtu hupata vigumu kusema ni lipi hasa lililomvuta.

Wapo pia wanaokimbia ulegevu. Texas iliporuhusu wenye vibali kuingia na bastola zilizofichwa kwenye vyuo vikuu vya umma, kuanzia Agosti 1, 2016, Daniel Hamermesh, profesa mstaafu wa uchumi aliyekuwa akiendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliacha kufundisha huko na kwenda Sydney. Mkuu wa kitivo cha usanifu wa majengo cha chuo hicho, Frederick Steiner, alihamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuitaja sheria hiyo miongoni mwa sababu. Hao ni watu wenye majina na nafasi za kuchagua. Mhudumu wa kantini ya chuo cha Austin, mwenye maoni yaleyale, alibaki kazini.

Mzazi anayelinganisha majimbo ana takwimu za kutazama. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchini Marekani, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Mississippi ilikuwa na vifo 33.9 kwa kila watu 100,000, Massachusetts 3.4. Pengo la karibu mara 10 halitokani na sheria peke yake. Umaskini, wingi wa silaha majumbani na umbali wa hospitali vimo. Hata hivyo taasisi ya utafiti ya RAND, ambayo imepitia tafiti nyingi za pande zote, imeona ushahidi mzito kwamba sheria zinazowalazimisha wenye bunduki kuzifungia mbali na watoto hupunguza vifo vya vijana. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza kuhusu jimbo lolote, kabla ya kuuliza nani anaruhusiwa kubeba nini sokoni.

Viwanda

Athari kwa viwanda huonekana kwa macho. Colorado ilipoweka kikomo cha risasi 15 kwa magazini mwaka 2013, Magpul, kampuni iliyokuwa ikizitengeneza huko, ilitangaza Januari 2014 kwamba inahamishia uzalishaji Cheyenne, Wyoming, na makao makuu Texas. Mwaka huohuo Beretta ilitangaza kuhamishia Gallatin, Tennessee, uzalishaji wake wa Maryland, jimbo lililokuwa limepitisha sheria kali mwaka uliotangulia. Smith & Wesson, iliyokuwa Springfield, Massachusetts, tangu karne ya 19, ilitangaza Septemba 2021 kuhamishia makao yake makuu Maryville, Tennessee, ikitaja mswada uliokusudia kuzuia utengenezaji wa baadhi ya bunduki inazouza. Kiwanda cha Remington cha Ilion, New York, kilifungwa mwaka 2024 na kazi zikaelekezwa Georgia.

Hata hapa hesabu si ya sheria tupu. Wyoming na Tennessee ziliweka mezani vivutio vya fedha, na Tennessee haitozi kodi ya jimbo kwenye mishahara. Smith & Wesson yenyewe ilibakiza Springfield wafanyakazi wapatao 1,000. Kwa fundi wa Ilion ambaye baba na babu yake walifanya kazi kiwanda kilekile, mjadala wa sababu haukurudisha ajira.

Mgeni na mhamiaji

Nchi kadhaa, zikiwemo Australia, Kanada na Japani, huwaeleza raia wao wanaokwenda Marekani kuhusu hatari ya bunduki. Japani haijasahau Oktoba 1992, pale mwanafunzi wake wa miaka 16 mjini Baton Rouge, Louisiana, alipokosea nyumba akienda kwenye sherehe, na mwenye nyumba akampiga risasi akafa. Aliyefyatua alishtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Sheria za kujilinda nyumbani zinatofautiana mno kutoka jimbo hadi jimbo. Aliyekulia mahali ambapo mtu hupiga hodi na kusogea hadi barazani anapaswa kulijua hili: akipotea njia usiku Marekani, apige simu akiwa barabarani.

Wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani hawakufika kwa njia moja. Wakimbizi wa Kongo waliotoka kambi ya Nyarugusu hawakuchagua jimbo. Mashirika ya kupokea wakimbizi yaliwapeleka Houston, Phoenix, Louisville na kwingineko. Wakenya wa Lowell, Massachusetts, au wa Dallas walifuata kazi na ndugu. Wengi wao wametoka nchi yenye sheria moja ya silaha kwa taifa zima: Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina sheria yake na bodi ya kutoa leseni. Marekani sivyo: ushauri wa binamu aliye Texas haumfai aliye New Jersey, hata kama binamu ameishi huko miaka mingi.

Kuna sheria moja ya shirikisho ambayo haibadiliki kwa jimbo. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kumiliki bunduki kwa kufuata sheria za jimbo lake. Mwenye viza ya muda, ya masomo, utalii au kazi, haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa nafasi chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na hati za kuishi haruhusiwi kabisa. Adhabu ni kifungo, na baada yake kufukuzwa nchini. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma haya akiwa Dallas, Atlanta au Phoenix, ambako rafiki zake wanabeba bastola bila kuulizwa, asikubali kumtunzia mtu bunduki hata usiku mmoja, na asiende kujaribu shabaha kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji.